Mlango wa Unguja kwenye Nyumba ya Matrah

Jumapili, 12 Januari

Nna miaka sabini na tisa. Nimepita mapinduzi, wake wawili, kimbunga kilichoingia mpaka sebuleni, na daktari aliyenikataza halwa. Yeye kafa, mie nnakula. Basi sitoshindwa na Thani.

Thani, jirani yangu, kabandikiwa kibao cha shaba ukutani: nyumba ya kale, haibomolewi. Tangu kibandikwe, kila akitoka msikitini anakifuta kwa mkono wa kanzu. Leo kaniuliza yangu itabomolewa lini, apate kuhamisha gari lake, vumbi lisilifike.

Ndo kweli yenyewe. Azzam, mtoto wa marehemu kaka yangu na mrithi mwenzetu wa nyumba, kapata mnunuzi anayetaka kuivunja ajenge fleti. Dada yangu Masouda, anayekaa ghorofani, atapelekwa Al Amerat, nyuma ya majabali, kwenye nyumba mpya isiyomjua mtu. Masouda si msemaji. Kasema tu, kaka, mie nilitaka humu nitolewe na jeneza. Nikamwambia aniachie mie. Alhamisi wanakuja watu wa turathi, wale wale waliompa Thani kibao, kuikagua. Wakiiandika, Azzam hana la kufanya.

Jumatatu, 13 Januari

Nimeizunguka nyumba. Kuta nene, boriti darini nzima. Aibu ni mlango. Mbao tupu, mbawa mbili, hauna ua la nakshi, hauna njumu za shaba, na kwenye ubawa mmoja una kilango cha kuinamia, utadhani banda la mbuzi. Babu aliukuta hivyo akauacha hivyo. Babu hakuwa mtu wa mambo makubwa.

Mie nimekulia Malindi, Unguja, kabla mapinduzi hayajaturudisha huku Oman, milango ya nakshi kushoto na kulia. Nani ataamini nyumba ya watu bila mlango wa Unguja? Nimempigia Hatem, seremala. Anao mmoja, alimchongea mtu wa Qurum, mtu akaukataa. Mpya, lakini upya unatibika.

Jumanne, 14 Januari

Umefika. Maua, minyororo, njumu zinawaka. Tumeung'oa ule wa zamani. Hatem kauliza kama nna hakika. Nikamuuliza nyumba ya nani.

Ubawa wa kwanza nimeukata mapande, nikawasha moto chini ya mlango mpya upate moshi wa miaka. Kisha nikaupaka kahawa nzito na asali ya tende. Ukawa mweusi kama sufuria ya harusi. Nikajipongeza kwa halwa.

Nilipotoka kuukata ubawa wa pili, ule wenye kilango, haupo uani. Thani nilimwona akipita. Nikamwambia mbele ya watu wa msikitini, mtu mwenye kibao cha shaba haibi kuni. Kaniangalia tu, akaniombea afya.

Alhamisi, 16 Januari

Asubuhi mlango unatembea. Sisimizi. Safu kwa safu, wanatoka ua hili wanahamia ua lile. Nikawapangusa, wakarudi na jamaa zao.

Nikatumia akili. Ada ni ada, mgeni haangalii nyumba kabla ya kahawa. Nikauegemeza mlango wazi ukutani, sisimizi wasionekane, nikawaingiza wageni mbio mbio. Halwa, tende, kahawa, halwa tena. Mkubwa wao ni binti, Ghadeer, wazee wake wa Bujumbura, Kiswahili chake cha bara. Nikampa historia yote, babu alivyosafiri na mlango wake kutoka Unguja. Kila akitikisa kikombe kwamba basi, mie nnamimina. Mwisho akakifunika kwa kiganja, akaomba kuuona huo mlango.

Akauona. Na sisimizi. Na bawaba, ambayo bado ina karatasi yake ya dukani. Thani kaegemea gari lake, akauliza kwa adabu kama na hao sisimizi walikuja na babu.

Ghadeer hakucheka. Hilo ndo lililoniuma. Akafungua picha kwenye simu, ule mlango wa mbao tupu. Akasema, "Babu, sisi tumekuja kwa ajili ya huu, wa kale wa hapa hapa, wenye kilango. Ndio uliotufanya tuichague nyumba yako. Uko wapi?"

Nikaangalia jivu. Masouda alikuwa juu ya ngazi, kashika ukuta.

Mzee mzima, nimeuchoma mlango wa dada yangu ili kuutia masizi mlango uliokataliwa Qurum.

Kisha Masouda akamwita binti. Mwanangu, njoo uninyanyulie godoro. Ubawa ulikuwa chini yake, kilango na kila kitu. Kauficha Jumanne, hakuniambia, maana anasema mie nikishika msumeno masikio yanaziba. Waliombebea ni Thani na mwanawe Humam. Kawaomba wasiseme. Thani niliyemwita mwizi wa kuni kanyamaza kwa ajili yake.

Usiku sikuitaka halwa.

Jumamosi, 18 Januari

Ghadeer kapiga simu. Nyumba itaandikwa, ubawa urudi mahala pake, wa Unguja utoke, na mie nisiguse kitu. Hilo la mwisho kalirudia. Azzam kanuna. Masouda anabaki. Chai kanipikia, kusema na mie bado.

Nilikwenda kumwomba Thani radhi. Nikafika mpaka kwenye kibao, nikakuta kinang'aa, nikarudi. Sasa msikitini nnapitia njia ya nyuma.

Lakini ubawa mmoja haujazi mlango. Nimemwita Hatem kimya kimya achonge wa pili, mbao tupu, hauna ua. Utataka moshi kidogo. Kahawa bila asali, kosa nimelijua lilipokuwa. Kuni ndo sina, ila Masouda ana kabati la zamani la mama, kavu kabisa, linaoza bure pale juu.

Anayebisha haya amuulize Masouda, yuko ghorofani, hatoki. Au Thani, aliona kwa macho yake. Ila la kabati wasiambiwe bado.