Tindikali Mbele ya Mkaguzi

Jumatatu, 4 Machi 1957
Mkaguzi wa shule anakuja Ijumaa. Mwalimu mmoja atachaguliwa kwenda chuoni kusomea sayansi mwaka mzima. Kila mtu anasema ni Zebedayo, Mshambaa wetu mtaratibu, ambaye hata chaki huishika kwa adabu. Mimi Fanueli, miaka tisa nafundisha useremala, hakuna anayenitaja. Nimekwenda kwa mwalimu mkuu. Nikamwambia, kwa masikitiko, kwamba macho ya Zebedayo yamefifia, hasomi tena maandishi ya kwenye chupa. Uongo, lakini wenye manufaa. Akasema basi somo la tindikali mbele ya mkaguzi nilifundishe mimi, Zebedayo anielekeze.

Jumanne, 5 Machi
Zebedayo hakukasirika. Hilo limenitia shaka. Alinionyesha karatasi ya litmasi. Ya buluu ukiichovya kwenye maji ya ndimu huwa nyekundu. Nyekundu ukiichovya kwenye maji ya magadi hurudi buluu. Nimekuja nayo nyumbani. Nimejaribu mate, maziwa, na mchuzi wa ukwaju wa mke wangu, Dorkasi. Mchuzi ni tindikali. Nilimweleza hivyo. Chakula sikupewa.

Jumatano, 6 Machi
Leo tindikali kali yenyewe, nzito kama shira, ndani ya chupa yenye kizibo cha kioo. Huzimuliwa kwa maji kabla ya kutumiwa. Zebedayo alinishika mkono. "Mwalimu Fanueli, tindikali ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Maji usiyamimine ndani ya tindikali. Yatachemka papo hapo yakurukie."
Alirudia mara tatu. Mtu anayesema kweli husema mara moja. Nimelifikiria jambo hili njia nzima hadi nyumbani Nguvumali. Ningekuwa mimi ndiye yeye, na mtu ananinyang'anya nafasi yangu, ningemfundisha kinyume. Bila shaka ndivyo alivyofanya. Hanipati.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika kwa mkono wa kushoto.
Mkaguzi alikaa nyuma. Watoto thelathini na wawili. Nilitia tindikali nusu bilauri, nikainua birika la maji. Zebedayo alikuwa mlangoni. Akasema, "Fanueli, sivyo." Nikamimina.
Ikalia kama mafuta ya moto yaliyoingiwa na maji. Bilauri ikapasuka. Zebedayo alikuwa amekwisha kufika, amemsukuma Praxeda, binti wa dawati la mbele, akaanguka chini ya meza. Mimi ilinipata vidoleni. Yeye ilimpata usoni.
Hakupiga kelele. Aliomba maji, maji mengi, akawaelekeza watoto namna ya kummwagia bila kuacha, huku amefumba macho. Mimi nilisimama na birika langu tupu. Praxeda ndiye aliyeninyang'anya akalijaze.

Jumapili, 10 Machi
Baada ya kanisa, hospitali. Jicho la kushoto la Zebedayo limekwenda. La kulia linaona mwanga tu, daktari anangoja. Mkewe, Anjela, hakuitikia salamu yangu.
Nilikuwa nimeandaa maneno, nikaishia kukohoa. Zebedayo alinitambua kwa kikohozi. Akauliza vidole vyangu vinaendeleaje. Kisha akasema, "Waeleze watoto sababu. Maji ni mepesi, hukaa juu ya tindikali, joto lote likatoka mahali pamoja. Wasibaki na woga tu."
Nikasema ndiyo. Nililia njiani, nikapita uchochoroni nisionekane. Nimeapa kwa Mungu: sitabishana tena na mtu anayejua.

Jumatano, 13 Machi
Mkaguzi ameandika kwamba nafasi ya chuo haitatolewa mwaka huu. Sayansi haina mwalimu. Mwalimu mkuu ameniagiza nilipigilie misumari kabati la sayansi, kwa kuwa mimi ni seremala, nisiguse kilichomo.
Nimegusa kimoja tu. Kopo lenye vipande vya madini laini, kisu kinavikata kama jibini, vimezamishwa ndani ya mafuta ya taa. Juu yake mwandiko wa Zebedayo: HATARI, YASIGUSWE NA MAJI KABISA. Maskini, mtu mwoga siku zote. Kwa woga huo ameviacha vikaota ukungu na kunuka mafuta. Hakuna kitu duniani kisichooshwa kwa maji. Vikirudi shuleni vinang'aa, mwalimu mkuu ataona nani anafaa kushika ufunguo wa kabati lile.
Nimelileta kopo nyumbani. Beseni limejaa maji. Dorkasi ameuliza la nini. Nimemwambia alete sabuni, asogee karibu aone.