Siku Mgongo Mkuu Alipogeuka

Tegeni masikio, enyi mlioketi mbele nanyi mnaosinzia nyuma. Na asiyesikia asijali, nitasema nikiwa nimemwelekea. Nawasimulia vita vya mwalimu wa takwimu, ambaye wanafunzi wa chuo walimwita Mgongo Mkuu, bingwa wa chaki, mtikisa ubao, shujaa ambaye uso wake darasani haukujulikana ila kwa uvumi.

Shujaa huyu alifundisha akiutazama ubao. Aliusalimu, akauuliza maswali, akajijibu mwenyewe, akauaga. Nao ubao ulimwelewa sana.

Ikawa asubuhi moja akamjia ofisini binti asiyesikia, hodari wa kusoma midomo, akanena: "Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kuaga. Leo ndiyo mwisho wa kubadilisha kozi. Takwimu naipenda kufa, lakini mimi nasoma midomo, na mgongo wako hauna."

Shujaa akapiga meza. "Binti yangu, usiondoke! Nipe kipindi cha mchana huu tu. Kozi hii nitaisuka upya, kila mtu apate mlango wa kuingilia!"

Akaisuka kweli. Akaandaa michoro kwa wanaoelewa kwa macho, herufi nene kwa wasioona vizuri, maelezo yaliyochapwa kwa wanaoandika polepole, na mapumziko kwa wasioweza kutulia kitini. Mchana akaingia darasani kifua mbele, akayatangaza mageuzi hayo yote kwa sauti ya ngurumo. Akiutazama ubao.

Binti akafunga begi, akainuka.

"Mwalimu, anaondoka huyu!" akapaza sauti jirani yake wa kiti. "Geuka basi, baba!"

Hapo vita vikapamba moto. Shingo ikagoma. Bega likaomba suluhu. Mguu wa kulia ukasonga mbele, wa kushoto ukabaki upande wa adui, na chaki ikaanguka ikavunjika. Jasho likamtiririka mtu mzima yule, maana, tusifichane, aliwaogopa. Macho yale yote! Ubao haujawahi kumpigia mtu miayo. Lakini akageuka. Ndiyo, jamani, akageuka mzima mzima, akautoa mfano aliokuwa akiutoa tangu aajiriwe:

"Mimi na mke wangu, kwa wastani, kila mmoja ana nusu ya blanketi. Blanketi lenyewe analo yeye."

Binti, mkono ukiwa tayari mlangoni, akaangua kicheko. Darasa zima likafuata.

"Kumbe huwa anachekesha?" wa nyuma wakaulizana. "Sisi tulidhani anaomba dua!"

Binti akarudi, akaketi, akatoa kalamu. "Endelea, mwalimu, nimebaki. Ila hizo sharubu zipunguze, zinameza nusu ya maneno."

Andikeni basi, enyi wanahistoria, kwamba mwalimu mmoja aligeuka na binti mmoja akabaki. Jioni ileile shujaa akaenda kwa kinyozi, akazitoa sharubu zake kafara, akarudi nyumbani midomo nje, akitembea kama aliyeteka mji.