Bwawa Lisilo na Mjomba

Kijiji cha Ujamaa Lugombe,
Milima ya Uluguru,
Masika, 1975.

Ndugu Mtaalamu wa Kufukia Mashimo ya Migodi,

Pokea salamu nyingi za kujenga taifa, wewe pamoja na dereva wako. Sisi huku hatujambo, ila mimi moyo hautulii tangu ule mkutano wako. Ulitueleza kwamba bwawa la tope lililoachwa na Mzungu aliyechimba ulanga, yale madini ya kumetameta, litafukiwa, lipandwe majani, na nchi irudi kama ilivyokuwa zamani. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, maana nilikuwa nimekaa karibu na katibu wa tawi. Naomba makofi yangu yafutwe. Sababu ni hizi:

1. Wewe si mtu wa milima hii, kwa hiyo nakueleza taratibu. Huku kwetu ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwanamume akioa huhamia kwa mkewe na panga lake na blanketi, na kila anapolima ni pa ukoo wa mke, ambao msemaji wake ni mjomba. Mjomba wa mke wangu Scholastika anaitwa Dominiko. Nikitaka kupanda mgomba, namwomba. Nikitaka kupanda mchungwa, hata kuomba siwezi, kwa sababu mti wa kudumu huonekana ni njama ya kuiba shamba. Nimeishi hapa mpaka nimeota mvi, na hadi leo naitwa mume wa Scholastika.

2. Bwawa lile lina habari nyingine. Mzungu alikuwa anaoshea ulanga wake kule juu, maji machafu yakishuka na kutuama pale, mpaka tope likajaa, linametameta kama magamba ya samaki. Alipoondoka, ukoo ulilikataa. Mjomba Dominiko mwenyewe alitamka mbele ya watu kwamba hilo si shamba, ni uchafu wa Mzungu. Basi nikaingia mimi. Leo nina magimbi yenye majani mapana kama mwavuli wa padri, na bata juu yake. Mjomba akija husimama ukingoni kwa kuhurumia viatu vyake, na kutoka hapo huniita Kasiani. Ni mahali pekee duniani anapolikumbuka jina langu.

3. Ulisema bwawa ni hatari kwa mifugo. Ni kweli, mbuzi alizama. Alikuwa mbuzi wa mjomba, na aliingia bila kubisha hodi. Kuhusu mbu, wale humuuma kila mtu bila kuuliza ukoo wake, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo ujamaa.

4. Nimesikiliza redio kwa makini. Ardhi ni mali ya taifa zima, nimesikia, tope halikutajwa. Lakini ukilifukia litakauka, likikauka litakuwa ardhi, na likishakuwa ardhi mjomba atalifikia kabla ya taifa. Kesho yake baada ya mkutano wako Dominiko alishuka mjini, akarudi na mabuti ya mpira. Mzee wa umri wake hanunui mabuti ya mpira bila nia. Huo ni ukabaila, Ndugu, nawe ndiye unayeupikia chai.

5. Kwa hiyo sitosheki na kuachiwa hilo moja tu. Naomba yachimbwe mengine, kila nyumba kumi bwawa lake, kwa matumizi ya wanaume waliooa hapa. Tupo wengi, ukitutazama usoni utatujua. Ikibidi kumwita tena yule Mzungu, aje na koleo lake tu, ukoloni auache kwao.

Usinifahamu vibaya. Scholastika ni mke mwema, na watoto wetu nawapenda, ingawa nao ni wa ukoo wa mama yao. Ila mtu hutamani apate hata kipande kidogo cha nchi ambapo akisimama hakuna wa kumuuliza amesimama kwa idhini ya nani. Changu mimi ni cha tope. Nakipenda, na kikifukiwa nitalia kweli.

Nisikuchoshe. Nisalimie wote hapo ofisini, wakubwa kwa wadogo. Dereva mwambie kwamba tope lililolikamata gari lenu siku ile lilikuwa langu, na halikukusudia ubaya.

Ni mimi, mwenye magoti machafu na moyo safi,
Kasiani Benedikto
(ukileta majibu, ulizia mume wa Scholastika)

Nyongeza: Nilikuwa karibu kusahau. Mzungu yuleyule aliacha bwawa jingine upande wa Mlali, nyumbani kwa mama yangu, ambako mjomba ni mimi. Hilo tafadhali lifukieni upesi, hata kesho. Mume wa dada yangu, mtu mmoja aitwaye Maneno, amepanda magimbi humo na ameanza kujisahau. Mkiwa tayari niiteni nije kuipokea ardhi yetu. Mabuti nimekwisha kuyaazima kwa mjomba Dominiko.