Habari za Basil, Aliyezungumza Bajeti Pasipo Kunguruma

Sogeeni, enyi wenye masikio mazima, nanyi mliozibwa masikio kwa kelele za wake na waume zenu sogeeni zaidi! Tueni majembe, teremsheni masufuria, zimeni redio, kwa maana nawaletea tendo ambalo, tangu nchi ya Newala ilipoinuliwa juu ya mabonde yake, halijapata kutendwa na mwanamume mwenye pesa za korosho mfukoni. Namtaja Basil, Baba Lameck, simba wa mikorosho, mpuliza dawa ya salfa asiyeogopa upepo, bwana wa sauti ambayo ikipaa nyumbani kwake, mbuzi wa Masasi hukata kamba.

Jueni kwamba shujaa huyu hakushindwa na kitu isipokuwa kimoja: kuzungumza na mkewe habari za matumizi. Kila msimu, malipo yakishaingia, vita ilianza kabla chai haijapoa. Msimu uliopita alitumwa mjini kununua mabati, akarudi na spika kubwa kama kabati, katika nyumba ambamo umeme haujatia mguu. Na Anastasia mkewe, binti wa Lukuledi, mnyenyekevu mbele ya padri na jabali mbele ya mume, alipouliza kwa upole mabati yako wapi, Basil alinguruma tangu adhuhuri hadi kuku walipopanda kulala. Asubuhi mwanamke akafunga kanga zake, akashuka kwao.

Hapo ndipo simba alipojua maji hutoka wapi. Maana huko juu maji hayaji yenyewe. Hufuatwa bondeni, kisha hupandishwa kichwani kwa kilima kisicho na huruma. Basil alishuka na ndoo iliyojaa matumaini, akapanda na ndoo iliyojaa upepo, maji yote yakiwa kwenye shati. Na wanawake wa njiani wakampisha kwa heshima, wakichekea ndani ya mitandio.

Basi msimu huu pesa zikaingia tena. Lameck, mwana wao, alikuwa jandoni, karibu kutolewa, na Basil amekwisha kuapa kuchinja ng'ombe na kukodi ngoma itakayosikika ng'ambo ya Ruvuma. Anastasia naye ameapa: kisima cha kuvunia mvua, na mifereji ya bati kando ya paa, kabla mawingu hayajafunguka. Na pesa, kama ilivyo tabia yake, hazikutosha yote.

"Baba Lameck," alisema Anastasia, "leo tutapanga. Ukipaza sauti tu, mimi huyo Lukuledi, na safari hii msinitumie wajumbe."

Sultani, jirani yao Myao, mtani wa Basil, aliegemea ua akitabasamu. "Shujaa, nasikia kuna kikao. Nikuazime ndoo yangu? Ina mpini imara."

"Nitolee balaa, wewe Myao!"

"Natoka, mtani wangu. Lakini ndoo naiacha."

Uwanja wa vita ulikuwa mkeka barazani, na katikati yake beseni la korosho zilizokwisha kuchomwa, zikingoja kubanguliwa. Stamili, mchuuzi wa Mkomaindo, alizinunua nzima tu. Iliyovunjika ilikuwa hasara ya aliyeivunja. Mume na mke wakajipaka majivu mikononi, mafuta ya maganda yasije yakawababua, wakaketi kama majeshi mawili, kila mmoja na jiwe lake na kirungu chake.

Basil akafungua mapambano. "Ukoo wetu haujapata kumtoa mtoto jandoni kwa supu ya kuku! Ng'ombe atachinjwa, na—"

Pwaa! Korosho ikawa unga.

"Umevunja," alisema Anastasia.

"Mimi nazungumza ukoo, wewe unazungumza korosho!"

Pwaa!

"Na hiyo pia."

Mbele ya mwanamke zikapangika korosho nyeupe, nzima, kama meno ya malaika. Mbele ya Basil, mbangua korosho aliyesifika kijiji kizima, kulikuwa na kifusi. Na kule uani sauti ikauliza: "Mtani, unabangua au unasaga?"

Ndipo Anastasia akatangaza sheria ya vita. "Mwenye kuvunja ananyamaza, mpaka mwenzake amalize neno lake. Umekubali, au umeogopa?"

Mwambie Mmakonde mwenye kirungu kwamba ameogopa! Akakubali.

"Ng'ombe wako simchukii," alisema Anastasia, akibangua taratibu, tok, tok. "Lakini wageni wakishamla watataka maji. Nani atashuka bondeni? Mimi. Siku ya furaha ya mwanangu, ngoma nitaisikilizia katikati ya kilima, ndoo kichwani."

Basil akafumbua kinywa. Ee wasikilizaji, ombeeni koo lile! Ngurumo ilitoka tumboni na majeshi yake, ikateka kifua, ikafika langoni mwa meno na panga mkononi. Naye akaitazama korosho iliyo juu ya jiwe, akamtazama mkewe, akamwona yuko pale kilimani, peke yake, ngoma ikilia mbali. Akashusha kirungu kama anayembembeleza mtoto. Tok. Ikatoka nzima. Na nyuma yake yakatoka maneno ambayo baba yake hakuyasema, wala babu yake:

"Sasa, Mama Lameck... wewe unaonaje?"

Pwaa! Anastasia akavunja yake kwa mshangao. Sultani akaanguka na kipande cha ua.

Kwa sheria ile, sasa mwanamke ndiye aliyenyamaza, na uwanja wote ulikuwa wa Basil. Angeweza kunguruma hadi Lindi. Akasema, chini kwa chini: "Kisima kwanza. Ngoma tutamwomba mjomba, hatukodi. Ng'ombe nimemsamehe. Ila niachie mbuzi wawili."

Tok. "Mmoja, mkubwa."

Tok. "Mwenye pembe."

"Mwenye pembe," alikubali Anastasia, akacheka, na kwao Lukuledi hawakumwona msimu ule.

Isimuliwe hivyo kwa vizazi! Iimbwe misikitini isipokatazwa na makanisani ikiruhusiwa: kwamba mtu mmoja wa Newala aliuliza, akangoja jibu, na paa halikuanguka. Wakati shujaa angali amevimba kwa utukufu, Anastasia alichagua korosho nyingine, akaiweka juu ya jiwe.

"Baba Lameck, dada yako wa Chidya ametuma salamu. Anaomba mchango wa harusi."

Basil akavuta kibakuli cha majivu, akajipaka upya, taratibu, hadi viwikoni.