Nyota za Darasa la Sita B

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimetukanwa na ukuta. Ndiyo, ukuta! Ule unaotenganisha darasa langu na la Mwalimu wa Sayansi. Mimi nafundisha sehemu, theluthi jumlisha robo, kazi nzito. Upande wa pili: vicheko. Makofi. Watoto wanashangilia mmeng'enyo wa chakula. Nani anashangilia utumbo? Kwangu, watoto thelathini na wanane wananitazama kama wagonjwa wanaosubiri sindano.

Wakati wa mapumziko nikamwambia Mwalimu wa Sayansi, kwa upole kabisa, kwamba shule si ukumbi wa sherehe. Akajibu kuwa wanacheza tu mchezo wa maswali, na kwamba watoto wangu wanakaribishwa. Wanakaribishwa! Walimu wote wakacheka. Hata mwalimu wa michezo, ambaye saa hiyo huwa amelala.

Kisha mwalimu mkuu akatangaza. Mkaguzi anakuja Jumatano ya wiki ijayo. Baada ya ukaguzi mmoja wetu atateuliwa mkuu wa taaluma. Ofisi yake ina feni na mlango unaofungwa. Miaka kumi na tisa nimekula vumbi la chaki. Mlango ule ni wangu.

Wanataka michezo? Watapata michezo.

Jumanne, 5 Machi

Bango limekamilika. Urefu mita mbili. Majina yote thelathini na manane, na nafasi ya nyota mbele ya kila jina. Nyota hamsini, unaitwa Nahodha. Mia, Jemadari. Kanuni ni nne, kwa wino mwekundu. Jibu sahihi, nyota tano. Kazi ya nyumbani iliyokamilika, nyota tatu. Kumkamata mwalimu amekosea, nyota kumi. (Hiyo ni ya urembo tu. Mimi sikosei.) Na ya nne: atakayefikisha nyota mia tano atafundisha kipindi kimoja, na mwalimu atakaa kwenye dawati la mwanafunzi huyo. Hiyo pia ni ya urembo. Hakuna atakayefika huko kabla ya kuota mvi.

Mke wangu ni muuguzi na hana huruma hata kidogo. Ameuliza kama kuna mtu mwingine aliyezisoma kanuni hizo. Nimemwambia kipaji hakihitaji kamati. Ameguna. Ule mguno wake wa wodini.

Jumatano, 6 Machi

Shangwe! Mikono yote juu! Nilifungua dirisha ili jirani asikie.

Dakika ya kumi na mbili, mambo yakaharibika. Kuna binti wa dawati la mbele, mimi namwita Wakili, maana hajawahi kukubali jambo bila ushahidi. Akasimama akasema nimeandika "theluthi" bila h. Nyota kumi. Nikacheka kiungwana. Mwingine akasema tarehe ya ubaoni ni ya jana. Kumi. Mwingine akasema nimefunga kifungo cha shati kwenye tundu lisilo lake. Nikasema hilo si kosa la hisabati. Wakili akaomba ruhusa ya kunisomea kanuni ya tatu, neno kwa neno. Haikutaja hisabati.

Makosa ishirini na sita katika kipindi kimoja! Robo saa nzima ilipotea wakijadili kama mwendo wangu ni kosa. Sehemu hazikufundishwa hata chembe. Watoto hawa hawakuja kusoma. Walikuja kuniwinda.

Kwa haki tu niandike kwamba mmoja hakusema neno. Mtoto wa fundi cherehani. Namwita Kimya. Tangu mwaka uanze sijawahi kuisikia sauti yake. Nyota zake ni sifuri. Angalau mmoja ana adabu.

Alhamisi, 7 Machi

Kanuni ya tano! Niliiandika asubuhi, chai ikiwa bado mkononi. Kunong'ona, kucheka ovyo, kukosoa mavazi ya mwalimu, kujibu vibaya: unapunguziwa nyota ishirini. Niliisoma kwa sauti ya hakimu.

Adabu ilirudi. Ilirudi mno. Kufikia saa sita Wakili alikuwa themanini chini ya sifuri, na hakuna aliyethubutu kuinua mkono. Nikauliza nusu ya kumi ni ngapi. Hakuna. Nikauliza leo ni siku gani. Hakuna. Nzi alikuwa anajigonga kwenye kioo, na nilimshukuru kwa kushiriki.

Mwalimu wa Sayansi alichungulia dirishani, akauliza kwa sauti ya chini kama tumefiwa.

Na kinara wa bango sasa ni nani? Kimya! Wote wako chini ya sifuri, yeye amebaki na sifuri yake, kwa hiyo anaongoza. Darasa zima likageuka kumtazama. Akainamisha kichwa, lakini meno niliyaona. Alicheka ovyo, kinyume cha kanuni. Sikumpunguzia. Mkono ulikuwa umechoka.

Ijumaa, 8 Machi

Barua! Nimeandikiwa barua na Darasa la Sita B, na sahihi zote thelathini na nane ziko chini. Wakili aliileta kwa mikono miwili. Wanataka kanuni ya tano ifutwe na nyota walizokatwa zirudishwe. La sivyo, siku ya mkaguzi watakaa kama walivyokaa jana.

Niliwaambia huu ni utekaji nyara. Niliwaambia mwalimu hatishwi. Niliwaambia nitalifikiria jambo hili kwa kina. Baada ya dakika nne nikakubali.

Wakaomba jambo moja dogo zaidi: je, mtu anaweza kumpa mwenzake nyota zake? Nikasema toeni tu, ukarimu ni tabia njema. Walipiga makofi. Nilijisikia vizuri sana, kama mfalme aliyesamehe wafungwa.

Jumatatu, 11 Machi

Kuna njama. Wakati wa mapumziko hawachezi. Wamekaa chini ya dirisha langu wakinong'ona namba. Ukitoa theluthi ya zako, mimi nikatoa robo ya zangu, zinakuwa ngapi? Nikatoka ghafla, nikanyakua daftari moja. Kurasa tatu zimejaa sehemu. Nilizisahihisha zote pale pale nimesimama, nikitafuta kosa. Halikuwepo.

Sikuwapa kazi hiyo! Haimo hata kwenye andalio langu la somo! Nimewarudishia daftari na kuwaonya waache kupoteza muda kwa mambo ya ajabu.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwisha.

Leo ilikuwa siku ya mazoezi. Nimewagawia maswali ya kesho, kila mtoto swali lake na jibu lake. Kila kitu kinateleza kama siagi. Kisha nikatazama bango. Kimya: nyota mia tano na kumi na mbili! Darasa zima limempa!

Wakili akasimama na kanuni ya nne. Nikasema vema, Kimya atafundisha muhula ujao. Akauliza hilo limeandikwa wapi. Nikasema mwalimu ndiye anayechagua kipindi. Akauliza hilo nalo limeandikwa wapi. Kisha Kimya akainua kipande cha karatasi, bila kufungua mdomo. Kesho, saa tatu. Saa ya mkaguzi!

Nikamwita pembeni. Nikamwahidi cheo cha Jemadari Mkuu wa Milele kama ataachia haki yake. Akatikisa kichwa. Nikamwahidi kengele ya shule aipige wiki nzima. Akatikisa kichwa.

Nyumbani mke wangu alicheka mpaka akaketi. Kisha akaacha kucheka, akauliza kama huyo mtoto ataweza kuongea mbele ya watu. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nafikiria mlango wangu.

Jumatano, 13 Machi

Naandika na magoti bado yanauma. Madawati yale hayakutengenezwa kwa ajili ya binadamu.

Saa tatu kamili mkaguzi akaingia pamoja na mwalimu mkuu. Mkaguzi ni mama mnene mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine kichwani. Mimi niko dawati la nyuma. Kimya yuko ubaoni, chaki mkononi. Hakuna sauti. Dakika moja. Mbili. Mwalimu mkuu akaanza kutoka jasho. Nikainuka ili niokoe jahazi, Wakili akageuka na kuninyooshea kidole: kaa. Nikakaa! Mimi! Watoto wote walikuwa wameshika pembe za madawati yao kana kwamba darasa linaenda kasi.

Kisha Kimya akachora nyota kumi na mbili. Taratibu, moja moja. Akazigeukia nyuso zetu.

"Tuanze na nyota kumi na mbili," akasema.

Sauti nyembamba kama uzi. Lakini haikukatika. Theluthi yake ni nyota nne, akasema, akazizungushia duara. Robo yake ni nyota tatu. Ukizijumlisha unapata saba. Saba ya kumi na mbili. Hakuna aliyepiga makofi, maana hakuna aliyekuwa anapumua.

Ndipo nikaona nafasi yangu. Alipouliza kama kuna mwenye njia nyingine, nikainua mkono ili mkaguzi ajue ubongo wa darasa uko wapi. Kimya akanichagua. Nikasimama. Macho themanini. Na kichwani, upepo mtupu. Nikajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Nikasema mbili ya saba.

Mbili ya saba! Kosa ambalo nimelipigia mstari mwekundu kwa miaka kumi na tisa!

Kimya hakucheka. Akaja mpaka kwenye dawati langu, akaniambia kwa upole, "Umekaribia. Jaribu tena, usiogope."

Nimekaribia!

Ijumaa, 15 Machi

Ripoti imesomwa mbele ya walimu wote. Sita B ni darasa bora kuliko yote aliyoyaona mkaguzi mwaka huu. Watoto wanafikiri, wanasaidiana, wanaeleza. Mwalimu wa somo hakuonekana. Na mstari wa mwisho: mwanafunzi mmoja wa dawati la nyuma, mtu mzima, anahitaji msaada wa ziada katika sehemu.

Mkuu wa taaluma ni Mwalimu wa Sayansi. Amepewa ufunguo. Alinishika bega akasema wazo langu la nyota lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri! Basi mbona feni inampepea yeye?

Mchana yule fundi cherehani, baba yake Kimya, alikuja, utepe wa kupimia bado shingoni. Alisema mtoto amewafundisha somo lile mama yake, bibi yake na wateja wawili waliokuwa wanasubiri suruali. Tangu wahamie mtaa huu hakuwahi kuongea hivyo mbele ya wageni. Alinishika mkono na hakuuachia kwa muda mrefu. Mimi nikafuta macho kwa mkono wa pili. Vumbi la chaki.

Lakini ofisi hakuniletea.

Jumatatu, 18 Machi

Dharau isiyo na kifani! Watoto wametundika bango jipya nje ya darasa. Safari hii majina ni ya walimu, na kanuni ni za Wakili. Mwalimu akifika kwa wakati, nyota mbili. Akimsikiliza mtoto mpaka amalize, nyota tano. Akisema "sijui, tutafute pamoja," nyota kumi.

Kufikia jioni Mwalimu wa Sayansi ana nyota themanini na tano. Mwalimu wa michezo ana thelathini, na alizipata akiwa nusu usingizini. Mimi nina nne. Nne! Nilikwenda kushtaki kwa mwalimu mkuu. Akasema ni bango zuri sana, akauliza yeye ana ngapi.

Mke wangu amesema labda watoto wanajaribu kuniambia kitu. Nimemuuliza ni kitu gani. Ameguna.

Jumanne, 19 Machi

Nimezisoma kanuni za Wakili mara tatu, neno kwa neno. Hazisemi ni mara ngapi kwa siku!

Kipindi cha kwanza, mtoto akauliza saba mara nane ni ngapi. Sijui, tutafute pamoja! Kumi. Mwingine akauliza ukurasa. Sijui, tutafute pamoja! Kumi. Kimya mwenyewe, ambaye siku hizi hanyamazi, akauliza kama chaki ninayoitafuta ndiyo hiyo niliyoishika. Sijui! Tutafute pamoja!

Kufikia mapumziko nilikuwa na nyota mia moja na themanini na nne. Wa kwanza shuleni! Wakili aliandika kitu kwenye daftari lake. Bila shaka ni pongezi. Mwalimu mkuu akapita mlangoni, akauliza nafundisha nini leo.

Nilimjibu kwa sauti, kifua mbele, mbele ya mashahidi thelathini na wanane. Kumi nyingine hizo.