Hotuba ya Kuzindua Kaseti ya Ngao ya Moto, Kitengela, 2001

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye hajafika lakini kiti yake imefika na imefunikwa kitambaa. Mwakilishi wa Mgeni wa Heshima, ambaye ni mimi. Mwenyekiti wa Kamati Maalum ya Uendelezaji wa Muziki Mzito na Kelele Zinazofanana Nayo, ambaye pia ni mimi, Bwana Wangila. Katibu wangu Bi. Priscilla; Mzee Kuntai na wazee wote mmetoka Bisil; pastor; akina mama wa plot; vijana wa bendi; na nyinyi wengine ambao mko tu hapo, nawasalimu Kimaasai: sopa! (Ipa!) Nimesema sopa! (Ipa! Mtu mmoja nyuma: "Weka ngoma, buda!")

Ngoma itawekwa. Kila kitu iko na procedure. (Watu wanavuta viti wafuate kivuli ya hema.)

Mabibi na mabwana, mwaka wa tisini na tisa vijana wanne wa hapa Kitengela, bendi ya Ngao ya Moto, yaani Soipan ambaye anaimba, Khisa wa gitaa, Aketch wa besi na Morgan wa kupiga ngoma, walirekodi nyimbo tisa za heavy metal, ile ya kitambo, ile ya nywele na mapanga, juu ya moran mmoja, shujaa wa Kimaasai, ambaye anapigana na joka la vichwa saba pale Kona Baridi, na hilo joka, kulingana na feasibility study yetu, linashindwa katika wimbo wa sita lakini linarudi kwa wa nane kwa sababu ya poor planning. (Kicheko. Khisa hacheki, anaangalia tu radio kaseti kwa meza.)

Walirekodi siku moja, kanisani, na gitaa ya kanisa, na pastor aliposikia solo ya mwisho akachukua gitaa yake mpaka wa leo. (Pastor: "Na sirudishi!") Hurudishi, pastor, tunakubaliana. Kwa hivyo hiyo kaseti iko moja peke yake dunia nzima, na vijana wakaniletea mimi, kwa mikono yao wenyewe, ili kamati itoe zingine elfu tano zisambazwe kutoka hapa mpaka Namanga. (Makofi. Soipan amekunja mikono.)

Hapo sasa ndio mtajua leadership ni nini. Nilipoipokea nikaona imeharibika! Vile vidude viwili vya plastiki hapo juu vilikuwa vimevunjwa. Nikamuuliza Khisa, kijana, nani amefanya hii uharibifu? Akaniambia ati ni wao, ati ukivunja hivyo mtu hawezi kurekodi kitu ingine juu yake. Nikamwambia, kijana, kitu ya umma haifungwi hivyo! Nikachukua gazeti, nikakunja karatasi mbili ndogo, nikaziba hizo shimo na mkono wangu huu. Repair and maintenance, asilimia mia moja na nne! (Makofi kidogo. Morgan ameshika kichwa. Aketch: "Chairman, uliziba?") Nilizikaza kabisa! Usinishukuru sasa, ngoja nimalize.

Tangu siku hiyo kaseti imekaa ofisini kwangu miaka miwili chini ya usalama wa hali ya juu, ndani ya droo, isipokuwa tu wakati wa kutumika. Nataka mjue kwamba mimi siji kwa wananchi bila kujitayarisha. Hotuba hii mnasikia nimeifanyia rehearsal mara nne, nikijirekodi, nikijisikiza, nikijirekebisha mahali sauti inakosa nguvu, mpaka Bi. Priscilla akaniambia, chairman, sasa inatosha. (Priscilla anaangalia viatu vyake.)

Sasa nimtambue Mzee Kuntai, baba ya Soipan. Mzee ameacha soko ya ng'ombe, siku ya soko, akakuja. Na amesema mbele ya watu, hata mimi nilikuwa: "Hii kelele ya msichana wangu sijawahi kusikia hata siku moja. Leo nitasikia. Ikiwa ni kitu, aendelee. Ikiwa si kitu, tunarudi naye Bisil jioni, anafungua duka ya shangazi yake, na mambo ya panga na joka imeisha." (Mzee Kuntai anatingisha kichwa, ndiyo.) Makofi kwa mzee! Hiyo ndio tunaita stakeholder!

Bila kupoteza wakati, kwa mamlaka niliyonayo, na ile nilikuwa nayo kabla, nazindua! Priscilla, bonyeza. (Priscilla amebonyeza. Spika inakwaruza. Halafu inasema: "Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye hajafika lakini kiti yake imefika...")

Hiyo ni intro. (Spika: "...na imefunikwa kitambaa...") Muziki ya aina hii iko na intro ndefu, tulieni. Peleka mbele, Priscilla. (Spika: "...asilimia mia moja na nne!") Geuza upande ile ingine. (Spika, upande ile ingine: Bwana Wangila anakunywa chai, fyuu. Halafu sauti ya Priscilla: "Chairman, hii kaseti si ni ya wale watoto?" Halafu Bwana Wangila: "Nimeiziba, haina shida.")

(Khisa amekaa chini kwa nyasi. Mzee Kuntai amesimama: "Nimetoka Bisil kusikia huyu? Si huyu nimekuwa nikimsikia tangu saa sita? Soipan, beba mfuko yako. Twende.")

Mzee, keti, kuna way forward. Tutaunda subcommittee. (Soipan: "Mama, yeyo wangu, hayuko, baba, lakini wewe uko. Ngoja dakika tisa." Mzee: "Dakika tisa ya nini?" Soipan: "Ya wimbo wa sita.") Binti, hiyo haiko kwa programme! Item nambari nne ni soda!

(Soipan amepanda juu ya ile kiti ya Mgeni wa Heshima, na viatu. Morgan amepindua jerikeni, anaipiga na miguu ya stuli. Khisa anafanya gitaa na mdomo, Aketch anafanya besi na tumbo. Soipan amefungua mdomo. Sauti imepanda, imepanda, imekaa huko juu kama ile ya mtu anaita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, haishuki. Mbuzi za jirani zimeruka fence zikakuja. Mzee Kuntai bado amesimama, lakini mfuko ameuweka chini.)

Mnaona? Hayo ni matunda ya kamati! Joka linakufa chini ya uongozi wangu! (Mzee Kuntai: "Wewe, nyamaza, mtoto anaimba." Halafu, wakati imeisha: "Hiyo ya mwisho, ile ya juu. Rudia.")

Kwa kumalizia! Muziki mzito! Hoyee! (Mbuzi moja.) Kitengela mbele! Mapanga juu! Nashukuru wafadhili, ambao tungewaandikia barua. Nashukuru studio, ambayo ingejengwa pale kwa ile shimo mnaona nyuma ya hema. Nashukuru zile kaseti elfu tano, ambazo hata moja haikutoka. Na nashukuru hii moja, ambayo ilikuwa nzuri sana mpaka nikaizungumzia ndani. Asanteni kwa kuhudhuria uzinduzi wa kitu ambacho hakiko. Mungu awabariki. Makofi, tafadhali. Makofi?

(Watu wote wamegeuza viti. Wanaangalia upande ile ingine. Soipan anarudia ile ya juu.)