Kesi ya Albamu ya Bafu

Jumatatu, 3 Machi

Siku imeanza vibaya, lakini nashukuru. Wakati wa chai mke wangu katangaza: mama yake, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, anatoka hospitali Jumamosi na anakuja kukaa kwetu. Nikasema karibu sana mama. Nikauliza atalala wapi. Mke wangu akautazama mlango wa chumba cha santuri. Chai ikanipalia.

Chumba cha santuri! Albamu za roki nilizoanza kukusanya kabla ndevu hazijaota! Hukumu ni hii: zibaki zile zitakazoenea kwenye rafu moja ya sebuleni. Nyingine zitoke. Na kwa kuwa mimi siwezi kutupa hata kizibo cha chupa, mwamuzi atakuwa kaka yake, shemeji yangu fundi cherehani.

Hapo nikashukuru kwa dhati. Shemeji ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, tangu kabla sijamwona dada yake. Gramafoni zetu tulizinunua siku moja. Mikanda ya kuzungusha sahani ilipokatika, nani alizitengeneza zote mbili? Mimi! Kwa lastiki za sketi kutoka dukani kwake. Yangu nyembamba, yake pana, mikunjo miwili. Fundi wa redio alitaka tusubiri mikanda yenyewe. Tusubiri nini? Miaka imepita na sahani zinazunguka.

Tatizo ni moja tu. Bafu. Albamu zetu tunaziita kwa picha za majalada, na Bafu ni ile ya wanaume wanne wenye nywele ndefu, wamesimama ndani ya bafu kavu katikati ya uwanja. Kwangu mimi hakuna albamu bora kuliko hiyo. Shemeji anasema ni takataka. Nakala ni moja, niliinunua baada ya zile lastiki. Huwa namwazima abadili mawazo, naye huirudisha na matusi mapya.

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha kwanza. Shemeji kaja na tepu shingoni. Kapima rafu, kapima unene wa majalada. Kasema nafasi imebana kama gauni la bibi harusi aliyedanganya kiuno.

Farasi imepita bila kupingwa. Ile haina mwimbaji, magitaa matupu. Zikafuata albamu zilizorekodiwa tamashani. Shemeji kauliza kwa nini mtu aweke ndani makofi aliyopigiwa mwenzake. Zitoke. Mimi nikatoa kanuni yangu: albamu ya kuweka ni ile unayoigeuza upande wa pili bila kujilazimisha. Kakubali! Nilikaribia kumkumbatia. Taa Tatu ikaanguka papo hapo. Tangu tuinunue hakuna aliyeufikia upande wa pili.

Kisha Bafu. Nikaitetea kwa utaratibu. Nikasema ina uzito. Sauti za watu wazima waliokula wakashiba. Ngoma zinatua kama wapagazi wanaopandisha kabati ghorofani. Shemeji kasema yeye anasikia vifaranga waliopotelewa na mama. Nikamwambia masikio yake yameharibiwa na cherehani.

Akaweka kikombe mezani. Akaondoka. Chai nusu! Tangu tujuane hajawahi kuacha chai yangu.

Mke wangu kasema ulimi wangu utaniponza. Umeshaniponza. Moyo unaniuma kweli, maana rafiki mwingine sina.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji hapokei simu. Lakini penye nia pana njia. Nitampa ushahidi wa umma! Mimi niko mapokezi katika kliniki ya meno, umma unakuja wenyewe.

Nimepita kwenye viti vya kusubiria na jalada la Bafu. Mzee mmoja mwenye shavu lililovimba kaomba nisimsemeshe. Nikahamia kwa waliokwisha kuchomwa ganzi. Hao ni wasikivu mno. Kila niliyemuuliza kama Bafu ibaki kajibu "aaa". Nimezihesabu zote kuwa ndiyo.

Daktari kanikuta mbele ya mama mmoja mwenye pamba mdomoni. Kaniita pembeni. Kasema nikirudia, atatafuta mtu mwingine wa mapokezi. Nashukuru kasema nikirudia. Daktari ni muungwana.

Nimemtumia shemeji matokeo ya kura. Kayasoma. Basi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kafika! Kwa mkongojo, lakini anacheka. Chumba kimepakwa rangi, kitanda kimetandikwa. Maboksi ya santuri yako ukumbini na sote tunapita ubavu ubavu kama kaa.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Mama asikilize Bafu, mama aamue. Shemeji atamkatalia mama yake mzazi? Hata viatu mama hajavua, nikashusha sindano.

Kumbe wawili tulikuwa na wazo moja. Mlango ukafunguka, shemeji kaingia na gramafoni yake kwapani. Kamsalimu mama, kamsalimu dada yake, mimi kanipita kama kabati. Kasema mama asikie Bafu kwenye mashine ya mtu mwenye akili.

Wimbo wa kwanza, kwangu. Mama kasikiliza, kidevu juu ya mkongojo. Kauliza huyu baba anaumwa nini. Tukahamishia santuri ile ile kwa shemeji. Mama kauliza hawa watoto wanafukuzwa na nani. Tukamweleza kwamba ni watu wale wale, wimbo ule ule.

Katutazama kwa zamu. Kisha kauliza nani aliyezitengeneza mashine hizi.

Shemeji akainua sahani ya gramafoni yangu. Lastiki imelegea kama soksi kuukuu, inateleza. Akafungua yake. Lastiki pana, mikunjo miwili, imebana kweli kweli. Yangu ilikuwa inajikokota, yake inakimbia. Akaniangalia. Nikajua leo napigwa.

Akaanza kucheka. Kacheka mpaka akaketi juu ya boksi, boksi likabonyea, akacheka zaidi. Na mimi nikashikwa, machozi yakanitoka. Mama kasema kumbe miaka yote hii tunagombania wimbo ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuusikia. Nikauliza kuhusu Taa Tatu, labda tuliionea. Shemeji kasema Taa Tatu ni mbaya kwa mwendo wowote.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaleta mikanda yenyewe. Fundi wa redio kamwambia ilifika zamani, sisi ndio hatukurudi kuulizia.

Tukaifunga. Tukapiga Bafu kwa mwendo wake, mara ya kwanza kabisa.

Nitaandika ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Bafu ni ya kawaida tu. Wanaume wanne wanaimba, si wabaya, si wazuri. Mama kasinzia kwenye wimbo wa pili. Mimi natazama dari, shemeji anatazama sakafu.

Mke wangu kasimama na boksi la zinazotoka. Rafu imebaki na nafasi moja. Kauliza ibaki au itoke.

Ibaki! Tumejibu kwa pamoja. Kauliza kwa nini. Shemeji kasema ugomvi mtamu kama huu hauuzwi dukani. Nikakimbilia jikoni kuangalia chai, maana macho yalikuwa yananiaibisha.

Nashukuru. Namshukuru mama kwa masikio yake, mke wangu kwa subira yake, na Mungu kwa huyu shemeji. Maboksi mengine atayaweka dukani kwake, nyuma ya majora ya vitambaa, nami nitakuwa nakwenda kuyasalimia. Chai kaimaliza, kaomba ya pili. Kainywa kwa upande mmoja wa mdomo, jino linamsumbua. Kwa shukrani nimempangia miadi kwetu Jumanne, wa kwanza kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata somo, naliandika nisilisahau: kitu usichokijua, mwachie fundi wake.

Mchana taa ya juu ya kiti cha wagonjwa imelegea shingo. Inamwinamia mgonjwa usoni kama inataka kumbusu. Daktari kasema fundi atakuja Ijumaa. Ijumaa! Tusubiri nini? Nikaingiza mkono mfukoni. Lastiki zote mbili zimo. Nashukuru sikuzitupa!

Nimefunga ile pana, mikunjo miwili. Taa imesimama wima, inatetemeka kidogo tu. Daktari kanishukuru sana, kasema yale ya Alhamisi tuyasahau.

Kesho asubuhi wa kwanza kukaa chini yake ni shemeji. Nimefurahi mno. Angalau nitakuwa nimemlipa fadhila.